Mume Wangu Hakukosa Karamu Hata Moja, na Bado Akashindwa

Mpendwa Shangazi Mina,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu nikianza kumzungumzia mume wangu huwa sijui pa kusimama. Tumefunga ndoa Februari hii tu, siku ya baridi kali ambayo hata gari la mchungaji lilikataa kuwaka ikabidi tumfuate kwa trekta, na mpaka leo nikisikia pikapu ya Myron inaingia uani nakimbilia dirishani kama msichana wa shule, ingawa najua fika kwamba ni yeye, maana hapa kwetu hakuna mtu mwingine anayekuja. Tafadhali usiutaje mji wetu. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la Myron, nilijaribu kumwita Peter kwenye barua hii lakini mkono ukakataa.

Shangazi, mume wangu aligombea ubunge wa mkoa Oktoba iliyopita na akashindwa. Hakushindwa kidogo, alishindwa mpaka watu wa chama cha pili wakaona aibu kusherehekea mbele yetu. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo tawi letu la chama linakutana ukumbini kumchagua mwenyekiti na kujadili namna ya kuinuka tena, na hapo ndipo ndoa yangu changa na tamu itakapookoka au kuvunjika, na mimi peke yangu ndiye ninayejua hivyo.

Ngoja nianze pale nilipompendea, maana bila hapo hutanielewa. Ilikuwa wakati wa kuvuna. Baba yangu Arvid, ambaye amekipigia kura chama kile kingine tangu alipopata haki ya kupiga kura, na babu kabla yake, alikuwa amezamisha mashine ya kuvunia kwenye tope la bondeni, amekaa juu yake akiwa na hasira. Myron akatokea na viatu vyake vya mjini na karatasi zake za kampeni. Baba akamwambia kutoka kule juu, "Kijana, kama umekuja kuomba kura, umepotea njia. Kama umekuja kusukuma, vua viatu."

Shangazi, akavua. Akaziweka karatasi zake juu ya nguzo ya uzio, akaweka jiwe juu yake, akaingia matopeni na mnyororo mabegani, na alasiri nzima hakutamka neno kura hata mara moja. Mashine ilipotoka, alikuwa mweusi mpaka kifuani, mama akamkataza kuingia ndani, kwa hiyo akala pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma huku baba akimsimulia ile hadithi yake ndefu ya jinsi reli ilivyong'olewa na ghala la nafaka likabomolewa, hadithi ambayo sisi wa nyumbani tukiisikia inaanza huwa tunakumbuka kazi zilizotusubiri. Myron hakukumbuka kazi yoyote. Baba kila akinyamaza kupumua, Myron anauliza, "Halafu ikawaje?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa wavu nikiwa na birika la kahawa, nikamsikia akiuliza hivyo, nikajua basi, mimi nimekwisha.

Sasa Oktoba ikafika, na unajua Oktoba kwetu ni karamu za mavuno, kila mji na kila parokia na karamu yake ya bata mzinga na viazi vya kuponda na majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali, meza ndefu, unakaa popote utakapopata kiti, unakula na yeyote aliye mbele yako, kisha unangoja pai, na baada ya pai ndipo watu wanaposema mambo ya kweli. Makao makuu ya chama yakamtumia Myron mtaalamu kutoka mjini, kijana mzuri tu mwenye kompyuta na koti lisilotosha baridi yetu, akamchorea ramani ya karamu zote za jimbo na kumwambia kwamba mgombea makini hakosi hata moja. Sasa jioni moja ina karamu tatu, nne, kwenye miji iliyoachana mwendo wa saa nzima. Atafanyaje? Akafanya hivi. Akifika, anapeana mikono mlangoni, analipia sahani yake, anasema chakula kinanukia vizuri, kisha anaomba atiliwe kwenye boksi la kubeba, anaondoka nalo mbio kwenda karamu nyingine, ambako anapewa boksi jingine.

Hakukosa karamu hata moja, Shangazi. Ndicho anachojivunia. Lakini hakukaa hata moja. Friza yetu imejaa bata mzinga wa kampeni mpaka leo, tangu harusi tunakula bata wa Oktoba, bata wa mchuzi, bata wa mkate, na mimi nakula nikimtazama mume wangu na kutabasamu, maana hata akitafuna ni mzuri.

Mimi nafanya kazi kwenye kaunta ya duka la ushirika, na watu wakilipia mbolea na maziwa huniambia kila kitu, labda kwa sababu siwakatizi. Huko dukani mume wangu wanamwita Bwana Boksi. Hawamchukii. Wanamtania tu, wakinikumbuka nipo wananyamaza na kuuliza bei ya mayai. Aliyeshinda, Bi Corliss, alikwenda karamu chache kuliko Myron, lakini alikokwenda alikaa mpaka viti vikapangwa ukutani, akafuta meza, akajua nani kapasuliwa goti na mtoto wa nani kahamia mkoa jirani wa Alberta. Kuna mama mmoja mumewe alipata mshtuko wa moyo siku ya Jumapili na chumba cha dharura cha hospitali yetu ndogo kilikuwa kimefungwa kama kinavyofungwa sasa kila mwisho wa wiki, ikabidi akimbizwe mbali. Nikamuuliza, kwa upole tu, kwa nini alimpigia kura Bi Corliss wakati chama chake ndicho kilichokifunga chumba kile. Akaniambia, "Najua ni wao. Sijasahau. Lakini Corliss nilimsimulia habari ya mume wangu, akaweka uma chini. Wako nilimsimulia, akasema tuna sera nzuri juu ya hilo, ukurasa wa kumi na ngapi sijui, akachukua boksi lake."

Nikamrudishia chenji yake.

Sasa Myron amekuwa akiandika hotuba ya Jumamosi, anaisoma kwa sauti jikoni kila asubuhi huku uji wa shayiri ukipoa, na ina maneno mazito kweli, inasema wapiga kura walidanganywa, gazeti lilitupuuza, hali ya hewa ilikuwa mbaya, na watu wa huku hawajui kinachowafaa. Jana akamaliza akaniuliza, "Unaonaje, mpenzi?" Ana jicho moja linalokunjika kidogo anapongoja jibu, Shangazi, nami nikamwambia ni nzuri sana. Nikapiga makofi, tena nikiwa na kijiko mkononi.

Kama hilo halitoshi, Jumanne mchana Myron akiwa kazini, akaja Bi Olesia Kozak, mweka hazina wa tawi letu, mwanamke aliyekitumikia chama hiki tangu enzi za kuandika mabango kwa brashi. Akaja na pai ya saskatoon, yale matunda madogo ya mwituni, nikajua mara moja kuna jambo, maana Bi Olesia hatoi pai bure. Akakaa, akatazama picha ya harusi yetu ukutani, akasema, "Binti, tumebaki wachache, nusu yetu tunatembelea fimbo. Akisoma ile hotuba, hata wenye fimbo wataondoka, na makao makuu watatufungia tawi watuunganishe na watu wa kaskazini. Tunataka wewe ugombee uenyekiti."

Nikamwambia mume wangu ndiye anayegombea. Akasema anajua. Nikamwambia mimi ni mke wake wa miezi miwili. Akasema hilo pia anajua, alikuwapo harusini, aliosha vyombo. Kisha akasema, "Yeye watu wanamheshimu. Wewe watu wanakuambia mambo." Akaacha pai, akaondoka, na ile pai nimeificha nyuma ya mabata kwenye friza kama mwizi, kwa sababu Myron akiiona ataniuliza imetoka wapi.

Na kuna moja la mwisho ambalo linanichoma zaidi. Baba yangu, Arvid huyuhuyu, alimpigia kura Myron. Ameniambia mimi tu, zizini, akiwa amenipa mgongo. Alisema, "Chama chake bado ni cha wapumbavu. Lakini aliingia matopeni. Usimwambie, ataota pembe." Kwa hiyo mume wangu anadhani mkwe wake alimkataa, na wale wote aliopeana nao mikono mlangoni walimkubali, kumbe ni kinyume chake.

Nifanye nini, Shangazi? Nikimwambia ukweli, nitamvunja moyo mwanamume ambaye huniwashia gari kila asubuhi ya baridi kabla sijaamka ili nikute kiti kina joto. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu wenye fimbo asome ile hotuba, nami nitakuwa nimekaa safu ya mbele nikipiga makofi huku tawi linakufa. Nikigombea, je, kuna mke aliyewahi kugombea kiti na mumewe kabla hata kadi za shukrani za harusi hazijaisha kuandikwa? Sijawahi kugombana naye na sitaki kujua inakuwaje.

Wako mwenye mapenzi na mashaka,
Bi Arusi wa Friza Iliyojaa, mkoani Saskatchewan

*

Bi Arusi,

Hongera kwa ndoa. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiruka sehemu ya jicho lake, na bado ilikuwa ndefu. Usiache kumpenda hivyo. Mapenzi ya namna hiyo ni haba kuliko mvua ya Julai. Ila binti yangu, mapenzi yako yana kasoro moja kubwa. Yanapiga makofi na kijiko.

Unasema huwezi kumvunja moyo. Moyo wake ulishavunjika Oktoba, mbele ya mkoa mzima, na tangu siku hiyo anatafuta jikoni mwako mtu wa kumwambia umevunjikia wapi. Kila asubuhi anakusomea ile hotuba, unadhani anataka sifa? Mtu mwenye uhakika na hotuba yake haisomi kila siku mpaka uji upoe. Anakuuliza. Nawe unamjibu kama wale wanaokuuliza bei ya mayai.

Sasa hili la wapiga kura. Unaniandikia kana kwamba ni fumbo, kwa nini watu humchagua huyu wakamwacha yule, na mumeo anaandika kurasa kulitafutia jibu kwenye hali ya hewa. Jibu umelileta mwenyewe kwenye barua. Rudi usome sehemu ya mlango wa wavu. Wewe ulimchagua Myron. Ulimchagua kwa sababu ya ukurasa wa kumi na ngapi? Karatasi zake zilikuwa juu ya nguzo ya uzio chini ya jiwe. Ulimchagua aliposema "Halafu ikawaje?" kwa mzee ambaye watoto wake mwenyewe humkimbia akianza kusimulia. Na mzee huyo akamchagua pia, akavunja desturi ya baba yake kwa ajili ya tope. Ninyi wawili ndio kura mbili alizozipata kwa haki kabisa, na zote mbili alizipata siku ambayo hakuomba.

Usinielewe vibaya. Sisemi sera ni upuuzi na tope ndilo kila kitu. Yule mama wa dukani anaijua siasa kuliko yule kijana wa kompyuta. Anajua nani alifunga chumba cha dharura, na atalikumbuka hilo mpaka kaburini. Lakini mtu hampi ufunguo wa mlango uliofungwa yule asiyeweza kukaa asikilize jinsi ulivyofungwa. Chama chenu kilikuwa na jibu sahihi kikakosa adabu ya kungoja swali. Mkisema watu walidanganywa, mnamwambia yule mama kwamba hajui kilichompata mumewe. Anajua. Alikuwa kwenye gari.

Huyo kijana wa makao makuu simlaumu sana, hakulelewa huku. Lakini Myron amezaliwa hapa. Anajua kwamba anayekuja karamuni akaondoka na boksi ni sawa na anayesema chakula chenu nakitaka, ninyi hapana. Alijua, akajisahau kwa sababu ya ramani. Hilo ni kosa la mtu mwenye bidii, na makosa ya bidii hurekebishika. Ya uvivu ndiyo magumu.

Basi fanya hivi. Jibu hili nakutumia kwa posta leo. Gazetini litatoka Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wenu. Umebadilisha majina yote ukabakiza la mumeo, nawe unaishi katika mji ambao ukinunua soksi mpya watu wanakupongeza. Alhamisi saa nne asubuhi kila mtu atakuwa amejua, na Bi Olesia, au jina lake lolote lile, atakuwa amejua saa tatu. Kwa hiyo mumeo ni lazima asikie kutoka kwako kwanza. Si Jumatano usiku akiwa amelala nusu. Siku utakayopokea barua hii, akirudi kazini, kabla hajavua koti.

Usimpe hotuba. Mpeleke kwenye friza, ufungue mfuniko, mtazame ndani pamoja. Mwambie, "Myron, kila boksi hapa ni kiti ulichokiacha kitupu." Kisha nyamaza. Wewe ni hodari wa kunyamaza, wateja wako wanalijua hilo. Atakasirika kidogo, atasema alikwenda karamu zote, utamwambia ndiyo mpenzi, na hapo ndipo utakapomsimulia habari ya yule mama na uma. Mkigombana, mtagombana. Nimekaa na mume wangu miaka mingi kuliko mti ulio mbele ya nyumba yetu, na nakuambia ugomvi wa kwanza ni kama baridi ya kwanza. Unashangaa, unatafuta glavu, maisha yanaendelea.

Siri ya baba yako usiitoe, nami gazetini nitaiondoa, kwenye barua yako na kwenye jibu langu. Ni yake. Lakini mpeleke Myron kwa mzee Jumapili, bila karatasi, na mumwachie asimulie ile reli tangu mwanzo. Akitaka kumwambia, atamwambia. Wazee wa namna hiyo hukiri wakiwa wamekupa mgongo, mwache amsogelee upande huo.

Kuhusu uenyekiti, gombea. Naona umeshtuka. Gombea, lakini Myron awe wa kwanza kujua kuhusu pai na wa kwanza kuila, na kama ana akili ninayodhani anayo, yeye ndiye atakayesimama kulipendekeza jina lako. Mwenyekiti wa chama kilichoshindwa ni masikio. Anakaa kwenye kaunta miaka minne akisikia nani anaumia wapi, kabla hajatokea mtu wa kuomba kura. Mgombea ni mikono na mgongo, na mume wako ana mgongo mzuri, na uzuri wake mwingine umeuandika kuliko ilivyonibidi kujua. Nyumba yenu ina vyote viwili, nawe unalia kwamba ni balaa.

Mwambie Bi Olesia waache kupanga viti kama darasa Jumamosi. Wapange meza ndefu. Kila mwenye kadi ya chama aje na jirani mmoja asiye na kadi, tena ikiwezekana aliyempigia kura Bi Corliss, na aje na sahani. Bata wa Oktoba wabakishe nyumbani, usimrudishie mtu bata wake mwenyewe akiwa amekauka hivyo. Pasiwe na boksi hata moja ukumbini. Mgombea wenu aoshe vyombo na asiondoke mpaka kiti cha mwisho kiegemezwe ukutani, na mwezi ujao afanye hivyo tena mji wa pili, na mwezi unaofuata wa tatu, wakati hakuna uchaguzi wala mtu wa kumpiga picha. Chama hakijengwi Oktoba. Oktoba ni kuvuna tu, na ninyi mlikwenda shambani na mfuko bila kupanda.

Na ile hotuba aje nayo mfukoni ikiwa anaionea huruma. Pai ikishapita, yule mama wa dukani atakuwa mahali fulani mezani, nawe utajua ni wapi kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa umemwekea kiti. Myron aketi mbele yake. Akitaja ukurasa, mkanyage mguu. Akiuliza "Halafu ikawaje?" akaweka uma chini, mwache, usipige makofi, nenda kalete kahawa.

Shangazi Mina